Meseji ya Pesa Haijaingia? Angalia Kama Simu Yako Imejaa

Jumamosi saa tisa alasiri, sokoni Gikomba. Kastoma amechagua jaketi, wamekubaliana Sh850, na anatuma kwa simu.

"Mama, nimetuma."

Mama anaangalia simu yake. Kimya. "Bado haijaingia, kijana wangu."

Kijana anamwonyesha meseji kwenye simu yake. Pesa imetoka na jina la mama liko pale. Lakini mama anakumbuka jirani yake alivyoonyeshwa meseji kama hiyo, akatoa mzigo, kumbe ilikuwa feki. Anamwambia, "Basi tuma tena, labda netiwaki imekataa." Kijana anatuma tena. Bado kimya. Sasa Sh1,700 zimemtoka, mama hajaona hata shilingi, na watu wameanza kusimama kutazama.

Huu ni mfano tu, lakini ukipokea malipo kwa simu kila siku unaujua vizuri. Mara nyingi tunalaumu netiwaki, au tunamshuku kastoma. Kuna wakati netiwaki iko sawa na kastoma ni mkweli. Pesa zote mbili zimeshafika. Shida ni kwamba simu ya mama imejaa pomoni, na meseji ya uthibitisho haina mahali pa kukaa.

Leo tunaongea kuhusu hilo: jinsi ya kujua simu yako imebaki na nafasi ngapi, jinsi ya kuipunguzia mzigo bila kufuta kitu utakachojutia, na la kufanya meseji ikikosa kuingia.

Pesa haikai ndani ya simu

Tuanze hapa kwa sababu hapa ndipo wengi hupata wasiwasi. Salio lako halihifadhiwi kwenye simu wala kwenye laini. Linahifadhiwa kwenye mitambo ya kampuni inayotoa huduma. Mtu akikutumia Sh850, hesabu inafanyika kule: akaunti yake inapungua, yako inaongezeka. Baada ya hapo ndipo mitambo inatuma meseji kwako na kwake kuwajulisha.

Kwa hivyo kuna vitu viwili tofauti. Kuna muamala, na kuna habari ya muamala. Simu ikijaa, ikizimika chaji au ikianguka majini, muamala bado uko palepale. Kilichokwama ni habari.

Na habari hiyo inakwama vipi? Meseji ya kawaida haiji moja kwa moja kutoka kwa mtumaji hadi kwako. Inapitia kituo cha meseji cha mtandao wako. Kituo kinajaribu kuifikisha. Simu yako ikiwa haina nafasi, inajibu kituo kwamba haiwezi kuipokea. Kituo kinaiweka meseji kando na kusubiri. Ukifuta vitu na nafasi ikapatikana, simu inaujulisha mtandao kwamba sasa inaweza kupokea, na meseji zilizokuwa zinangoja zinaanza kuingia. Lakini hazingoji milele. Kila meseji ina muda wake, na muda huo ukiisha inatupwa. Ndiyo maana mtu anaweza kufuta vitu leo na asione kamwe meseji ya wiki iliyopita.

Kumbuka hilo, tutalirudia.

Neno "memori" lina maana nyingi

Ukimpelekea fundi simu ukamwambia "memori imejaa", huenda akakuuliza: memori gani? Swali lake ni la maana, kwa sababu ndani ya simu moja kuna sehemu kadhaa.

Ya kwanza ni hifadhi ya simu yenyewe. Hili ni kama kabati. Picha, video, apu, meseji na mfumo unaoendesha simu, vyote vinakaa humo. Ukisikia simu ni ya GB 32 au GB 64, ndiyo hii.

Ya pili ni RAM. Hii ni kama meza unayofanyia kazi. Ukifungua apu, inawekwa mezani. Ukiizima simu, meza inasafishwa. RAM ndogo inafanya simu iwe nzito, lakini huwezi kuijaza kwa picha. Kuizima na kuiwasha simu kunasafisha meza, hakupunguzi kitu kabatini.

Ya tatu ni laini yako. Laini nayo ina nafasi kidogo ya kuweka namba za watu na meseji chache tu, mara nyingi makumi na si mamia.

Ya nne ni memori kadi, kwa simu zenye tundu lake. Inafaa kwa picha, muziki na video. Meseji za kawaida za simujanja hazikai humo, kwa hivyo kuweka kadi mpya bila kuhamisha kitu hakutatui chochote. Kabati litabaki limejaa, na kadi itakuwa tupu.

Jambo lingine linalowashangaza watu: unanunua simu ya GB 32, unaifungua mara ya kwanza, unakuta nafasi ni pungufu. Hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu GB moja kama baiti bilioni moja, ilhali baadhi ya simu zinahesabu kwa 1,024 mara 1,024 mara 1,024, na kwa hesabu hiyo GB 32 za dukani zinasomeka karibu GB 29.8. Kisha mfumo wa simu na apu zilizokuja nayo zinachukua sehemu yao kubwa. Kilichobaki ndicho chako.

Dalili kwamba simu inakaribia kujaa

Simu huonya kabla ya kukwama. Kamera inakataa kupiga picha. WhatsApp inasema huwezi kupakua video. Apu zinakataa kusasishwa, pamoja na apu yako ya pesa, na toleo likizeeka sana linaweza kuacha kufanya kazi. Simu inakuwa nzito hata ukiwa umefungua apu moja. Halafu linakuja tangazo juu ya skrini kwamba nafasi inaisha. Wengi tunalipangusa kwa kidole na kuendelea.

Kwenye kabambe, dalili kubwa ni bahasha. Kwenye simu nyingi za aina hiyo, alama ya bahasha ikiwa inawaka na kuzima bila kukoma, maana yake si kwamba una meseji mpya. Maana yake sehemu ya meseji imejaa, na kuna nyingine inagonga mlango.

Pima kwanza, futa baadaye

Kosa la kawaida ni kufuta kwa hasira. Mtu anakwama, anafuta meseji mia mbili za maandishi, anaona hakuna kilichobadilika. Meseji ya maandishi ni ndogo sana. Video moja ya harusi uliyotumiwa kwenye kundi inaweza kuchukua nafasi kuliko meseji zako zote za miaka mitano. Ndiyo maana tunasema upime kwanza.

Kwenye simu ya Android, ingia sehemu iliyoandikwa "Settings", kisha tafuta "Storage". Utaona mstari unaoonyesha nafasi iliyotumika na iliyobaki, halafu orodha ya vinavyokula nafasi hiyo: apu, picha, video, sauti na kadhalika. Kwenye iPhone, ingia "Settings", "General", kisha "iPhone Storage". Ukiwa umeweka simu yako kwa Kiswahili, tafuta "Mipangilio" kisha "Hifadhi".

Kwenye kabambe, fungua sehemu ya meseji na utafute mahali panapoonyesha hali ya memori. Angalia pia kama simu imewekwa ihifadhi meseji kwenye laini au kwenye simu. Ikiwa ni kwenye laini, badilisha. Laini inajaa haraka.

Sasa jambo ambalo watu wengi hawalifanyi: andika. Chukua daftari lako la biashara, weka tarehe na nafasi iliyobaki. Wiki ijayo fanya hivyo tena. Tuseme Jumapili hii zimebaki GB 4.2, na Jumapili ijayo zimebaki GB 3.6. Umetumia GB 0.6 kwa wiki moja. Gawanya 3.6 kwa 0.6, unapata 6. Ukiendelea na mwendo huo, baada ya wiki sita simu itakuwa imejaa kabisa. Unajua siku ya shida kabla haijafika, kama vile unavyojua unga utaisha lini kwa kuangalia debe.

Usingoje ifike sifuri. Jiwekee mpaka wako. Kwa matumizi ya kawaida, jaribu kuacha angalau sehemu moja kati ya kumi ya simu ikiwa wazi. Kwa simu ya GB 32 hiyo ni kama GB 3. Ukifika hapo, siku hiyohiyo tenga muda wa kusafisha.

Nani anakula nafasi?

Kwa simu nyingi, jibu ni WhatsApp. Makundi ya familia, ya chama, ya kanisa au msikiti, ya wazazi wa shule, ya stegi ya bodaboda. Kila kundi lina video za asubuhi njema, na video ileile inakuja kwa makundi manne. Kama umeiacha WhatsApp ipakue kila kitu yenyewe, basi unaweza kuwa na nakala nne.

WhatsApp ina ukurasa wake wa kupima. Ingia kwenye mipangilio yake, sehemu ya hifadhi na data, kisha usimamizi wa hifadhi. Itakuonyesha mafaili yanayozidi MB 5, yale yaliyosambazwa mara nyingi, na kila kundi limechukua nafasi ngapi. Anzia kwa mafaili makubwa. Ukifuta video ishirini kubwa utapata nafasi kuliko ukifuta picha mia tano ndogo. Kisha, palepale kwenye sehemu ya hifadhi na data, zima upakuaji wa moja kwa moja wa video. Utakuwa unabonyeza mwenyewe ile unayotaka kuona. Utaokoa nafasi, na bando pia.

Wa pili ni kamera. Picha kumi za jambo lilelile kwa sababu mtoto alifumba macho. Skrinishoti za kila muamala. Video ndefu. Wa tatu ni video ulizohifadhi ndani ya apu za burudani ili uzitazame bila bando. Wa nne ni apu ulizoweka mara moja ukasahau.

Kuna wa tano anayejificha: pipa la takataka. Kwenye simu nyingi za siku hizi, ukifuta picha haiondoki mara moja. Inawekwa kwenye pipa kwa siku kadhaa ili ukijuta uirudishe. Bado inakula nafasi. Kwa hivyo kama umefuta na hujaona tofauti, nenda ukamwage pipa, lakini pitia kwanza uhakikishe hakuna unachohitaji.

Vitufe viwili vinavyofanana, kazi tofauti

Ukibonyeza jina la apu kwenye orodha ya hifadhi ya Android, utakuta vitufe viwili. Kimoja kimeandikwa "Clear cache". Kingine "Clear storage" au "Clear data". Wengi hubonyeza chochote. Usifanye hivyo.

"Clear cache" inaondoa mabaki ya muda ambayo apu iliweka ili ifunguke haraka. Apu itayatengeneza tena ikihitaji. Hupotezi akaunti wala picha zako. Hiki unaweza kubonyeza bila hofu.

"Clear storage" au "Clear data" inaifagia apu yote, kana kwamba umeiweka leo. Kwa apu ya pesa, itabidi uingie upya na kujithibitisha upya. Salio lako halitaguswa, kwa sababu tulishasema halikai kwenye simu, lakini hutaki kuwa unajisajili upya wakati foleni ya kastoma iko mbele yako. Kwa apu nyingine ni hatari zaidi. Ukifanya hivyo kwa WhatsApp bila kuwa na nakala ya akiba, mazungumzo yako yamekwenda.

Meseji za pesa: usifute zote

Hapa tunakuomba utulie. Ukiwa umejaa, meseji za pesa zinaonekana kama kitu cha kwanza cha kufuta kwa sababu ni nyingi. Lakini ni ndogo, na zina thamani.

Meseji ya uthibitisho ina namba ya muamala, jina, kiasi, tarehe, saa na, kwa kawaida, salio lako baada ya hapo. Ukikosea namba, ukidai marejesho, au mwenye nyumba akisema hukulipa mwezi wa tatu, hiyo namba ya muamala ndiyo tutakayokuuliza kwanza. Na kwa mfanyabiashara kuna sababu nyingine. Sheria ya taratibu za kodi ya mwaka 2015 inataka mlipa kodi aweke kumbukumbu za biashara yake kwa miaka 5. Meseji peke yake haitoshi kuwa daftari, lakini inakusaidia kulijaza.

Kwa hivyo fuata utaratibu huu. Kwanza, futa meseji za matangazo, za bahati nasibu, na za kukukumbusha bando. Hizo hazina kazi. Pili, kabla ya kufuta meseji za pesa za zamani, omba taarifa ya akaunti yako ya kipindi hicho na uihifadhi. Taarifa inatoka kwenye mitambo yetu, kwa hivyo ina miamala yote, hata ile ambayo meseji yake haikukufikia. Tatu, kama una kabambe, andika kwenye daftari miamala mikubwa: kodi ya nyumba, karo, mkopo, mzigo. Andika namba ya muamala, si kiasi tu.

Ukiitisha taarifa kwa barua pepe, angalia na huko pia hakujajaa. Akaunti ya bure ya Google ina GB 15, na nafasi hiyo inagawanywa kati ya Gmail, Drive na picha. Tangu Juni 1, 2021, picha mpya unazopandisha huko zinahesabiwa. Nafasi hiyo ikiisha, Gmail inaacha kupokea barua. Utakuwa umeomba taarifa mara tatu, ukidhani ni sisi tumechelewa, kumbe sanduku lako ndilo limefunga mlango.

Jihadhari na wanaojidai kukusaidia

Shida yoyote ya simu ina watu wa kuifanyia biashara mbaya. Hii pia.

Ukiona tangazo linaruka kwenye skrini likisema simu yako ina virusi au imejaa na ubonyeze hapa isafishwe, usibonyeze. Apu nyingi za "kusafisha simu" zinakujazia matangazo, na nyingine zinaomba ruhusa ya kusoma meseji zako. Fikiria maana yake: apu inayosoma meseji inaona salio lako na namba za siri za mara moja zinazotumwa kwako. Simu yako ina uwezo wa kujisafisha kwa njia tulizoeleza hapo juu. Huhitaji mgeni.

Mtu akikupigia akisema ni wa huduma kwa wateja, kwamba akaunti yako "imejaa" na inahitaji kuongezewa nafasi, mkatie. Akaunti ya pesa ina kikomo cha kiasi cha salio, lakini hakuna mtu anayepiga simu kukiongeza kwa kukuuliza namba ya siri. Sisi hatutakuuliza namba yako ya siri kamwe, kwa sababu yoyote ile.

Ukimpelekea fundi simu aipunguzie mzigo, kaa naye hapo. Usimpe namba ya siri ya pesa, haihitajiki kwa kazi hiyo. Na usiweke picha ya kitambulisho chako wala namba zako za siri kwenye memori kadi. Kadi ikichomolewa na kuwekwa kwenye simu nyingine, mara nyingi inasomeka bila kuuliza kitu.

Meseji haijaingia: fanya hivi

Sasa turudi pale sokoni. Kastoma anasema ametuma. Wewe huoni kitu. Fuata hatua hizi, kwa mpangilio huu:

1. Usimwambie atume tena. Hili ndilo la kwanza kabisa.

2. Usimpe mzigo kwa kuangalia simu yake. Meseji ya kwenye simu yake inaweza kuwa ya kweli au ya kutengenezwa, na kwa macho huwezi kutofautisha.

3. Angalia salio lako mwenyewe, kwa menyu ya huduma au kwa apu. Hii haihitaji nafasi ya kuweka meseji ikiwa jibu linatokea kwenye skrini. Kama jibu linakuja kwa meseji na simu imejaa, litakwama kama lile la kwanza, kwa hivyo fungua nafasi kwanza au tumia apu. Kwa wenye tili, angalia orodha ya miamala ya tili.

4. Kama pesa iko kwenye akaunti na jina, kiasi na namba ya muamala vinalingana na alivyokutajia, mpe mzigo wake. Umeshalipwa.

5. Kama haipo, mwombe asubiri kidogo, kisha angalia tena. Bado haipo? Piga kwa huduma kwa wateja na namba ya muamala mkononi.

6. Baadaye, kastoma akishaenda, angalia nafasi ya simu yako. Ikiwa imejaa, futa video mbili tatu kubwa. Kwenye kabambe, futa meseji za matangazo. Kama meseji inangoja na muda wake haujaisha, itaingia.

Kuna mtego mmoja hapa ambao watu wachache wanaufikiria. Ukifungua nafasi, meseji zilizokwama zinaweza kuingia kwa mkupuo. Tuseme saa nane mtu alikulipa Sh850 na meseji ikakwama. Saa kumi unafuta video, na wakati huohuo kuna kastoma mwingine mbele yako anayesema ametuma Sh850. Simu inalia. Unaona Sh850 imeingia, unampa mzigo. Kumbe hiyo ni ya yule wa saa nane, na huyu hajatuma kitu.

Kwa hivyo usisome kiasi peke yake. Soma saa ya muamala iliyoandikwa ndani ya meseji, soma jina, kisha umwambie kastoma akusomee namba ya muamala kutoka kwa simu yake. Kama havilingani, hiyo si pesa yake.

Na kama kweli kuna aliyetuma mara mbili, kama yule kijana? Angalia salio. Ukiona zote mbili zimeingia, mrudishie ile ya pili palepale kwa namba ileile iliyotuma, na mwambie aangalie salio lake mwenyewe, maana meseji yake nayo inaweza kuchelewa. Lakini hakikisha kwanza zimeingia kweli. Usirudishe pesa kwa sababu mtu amekuonyesha meseji mbili, au kwa sababu kuna anayekupigia simu akilia kwamba amekosea namba.

Dakika kumi za Jumapili

Huhitaji kuwa fundi. Chagua siku moja ya wiki, labda Jumapili jioni unapopiga hesabu za biashara, na fanya haya:

Angalia nafasi iliyobaki na uiandike daftarini. Futa video kubwa za WhatsApp. Hamisha picha unazozipenda kwenye memori kadi au kwenye kompyuta, halafu uzitoe kwenye simu. Mwaga pipa la takataka. Futa meseji za matangazo. Ondoa apu moja usiyoitumia. Mara moja kwa mwezi, chukua taarifa ya akaunti yako na uiweke mahali salama, na usasishe apu yako ya pesa wakati nafasi bado ipo.

Kama simu unayopokelea malipo ndiyo hiyohiyo watoto wanachezea michezo na kutazamia katuni, fikiria kutenga simu moja ya biashara. Kabambe ya bei nafuu isiyo na WhatsApp wala kamera nzuri haitajaa kwa video za harusi. Itahitaji tu kufutwa meseji mara kwa mara.

Yule mama wa Gikomba angeangalia salio kabla ya kusema "tuma tena", angeona Sh850 zake zimekaa hapo zikimngoja. Kijana angeondoka na jaketi lake, na Sh850 zake nyingine zikiwa mfukoni. Basi leo jioni, kabla hujalala, fungua simu yako na uangalie zimebaki GB ngapi.